Chipu ya Miguu Mitatu

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za karakana ya vifaa tiba hapa Kasulu. Nilikabidhi pia orodha ya vilivyomo: vinavyofanya kazi, visivyofanya kazi, na vile ambavyo kwa miaka mingi tumekuwa tukivihamisha kutoka kabati moja kwenda jingine kwa sababu hakuna aliyethubutu kuandika kwamba vimekufa. Nyie vijana mliobaki mliniomba niwaachie maandishi kidogo. Nilidhani mnataka maneno ya kuaga, nikaanza kuyatunga, mpaka mmoja wenu aliponiambia mlangoni, "Mama Adela, sisi tuandikie yale uliyokosea." Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani niliona ana haki. Niliyopatia mtayaona yenyewe, bado yanafanya kazi.

Nilizaliwa Kitahana, kwa wakulima wa maharage na muhogo, na nilikuwa msichana peke yangu katika darasa letu la umeme chuoni. Siku ya kwanza kuripoti karakana nilikuja na vyeti kwenye bahasha ya kaki. Fundi mkuu wakati huo alikuwa Mama Komba, mwenyeji wa Songea, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Bahasha aliiweka juu ya kabati bila kuifungua.

"Una miwani?" akaniuliza.

"Sina, mama. Macho yangu mazima."

"Utavaa. Kazi hii watu wanafikiri ni ya mikono. Ni ya kusoma."

Akanipa karatasi ya vipimo ya kifaa kimoja kidogo, ile ambayo mtengenezaji huitoa kueleza bidhaa yake inaweza nini. Kurasa kumi na mbili, maandishi ya kuumiza macho. Akaniambia niisome mpaka saa ya chakula, kisha nimwambie mtengenezaji ameahidi nini na nini hakuahidi. Nilisoma. Saa saba nilimweleza yote yaliyoandikwa kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umenisomea tangazo la biashara. Kula, kisha anza ukurasa wa tatu."

Ukurasa wa tatu ulikuwa na jedwali. Mama Komba alikuwa na rula ya mbao, ya wanafunzi, na kila mara akisoma jedwali aliilaza chini ya mstari mmoja ili jicho lisiteleze. Alinionyesha safu tatu za namba: ya chini kabisa, ya kawaida, ya juu kabisa. "Hii ya katikati," akasema, "inakuambia vifaa vingi vitakuwa hapo. Hizi za pembeni ndizo anazokuahidi. Chako kinaweza kuwa popote kati ya hizi mbili, na ukimlalamikia atakwambia alikuambia." Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu. Kuyaandika ni rahisi.

Miaka ile ya kwanza tulikuwa tukisafiri sana. Barabara ya Kibondo ilikuwa bado ya udongo mwekundu, na wakati wa masika dereva alikuwa akikadiria safari kwa idadi ya mara tutakazoshuka kusukuma. Darubini za maabara nilizipakata mapajani kama watoto wachanga. Kwenye vituo vya afya niliwasaidia wenzangu kwa Kiha, maana Mama Komba pamoja na miaka yake yote huku Kiha chake kiliishia kwenye salamu na bei ya maharage. Nilifurahia kazi ile kuliko ninavyoweza kueleza. Kulikuwa na harufu ya risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka asubuhi, kahawa kwenye chupa ya chai, mvua juu ya bati, na mashine iliyokaa kimya miezi sita ikianza kuunguruma mbele ya wauguzi waliokuwa wamekwisha kuisahau. Mara nyingine ugonjwa wenyewe ulikuwa swichi ya ukutani. Hapo tulijitahidi kutumia angalau nusu saa, ili kituo kisione aibu.

Sasa niwaeleze juu ya chipu yenyewe, maana wengine mmeanza kazi wakati bodi nzima ya umeme inatupwa na kuwekwa nyingine.

Ndani ya mashine yenye akili, tuseme friji la chanjo, kuna chipu kubwa inayoendesha kila kitu: inapima joto, inawasha kompresa, inaizima. Chipu hiyo inahitaji volti tano. Umeme ukishuka mno haifi papo hapo, inachanganyikiwa. Inaweza kuendelea kufanya kazi huku ikifanya upuuzi. Kwa hiyo pembeni yake huwekwa chipu nyingine ndogo kuliko punje ya mchele, yenye miguu mitatu, na kazi yake ni moja tu: kulinda volti. Volti zikishuka chini ya kiwango fulani, inaiambia ile kubwa, simama. Zikirudi, inangoja kidogo, chini ya sekunde moja, ndipo inairuhusu ianze upya. Hakuna kingine inachofanya. Kiwango hicho hakibadilishwi kwa bisibisi, kimewekwa kiwandani, na unakijua kwa herufi moja tu mwishoni mwa jina lake.

Mwaka ninaousimulia, radi ilipiga nguzo karibu na zahanati moja njia ya Busunzu. Friji la chanjo likafa. Mwenye dhamana nalo alikuwa muuguzi Laurenti, mwanamume mtu mzima, mrefu, mpole, aliyekuwa akisoma kipimajoto cha friji asubuhi na jioni na kuandika kwa mwandiko ulionyooka kama wa kitabu. Alilifunga friji kwa shuka na kamba, akaja nalo mwenyewe Kasulu juu ya gari la mazao.

"Mwakeye, fundi," akanisalimu. "Nimekuletea mgonjwa. Nisaidie apone upesi. Kliniki ya watoto ni Alhamisi, na akina mama wengine wanatoka mbali."

Nililifungua. Radi ilikuwa imekula vitu vitano kwenye bodi, na kimoja kilikuwa ile chipu ya miguu mitatu. Ilikuwa imepasuka juu, herufi zake hazisomeki. Kwenye droo nilikuwa nazo kadhaa za umbo lile lile. Nikatafuta karatasi ya vipimo, nikaona imeandikwa, kwa mifumo ya volti tano. Friji lilikuwa la volti tano. Nikachukua moja, nikaichomea chini ya kioo cha kukuzia. Kulikuwa na aina mbili kwa mifumo ya volti tano, zenye herufi mbili tofauti. Nililiona jedwali. Nakumbuka hata mahali lilipokuwa kwenye ukurasa. Niliona safu ya katikati, nne nukta sita tatu, nikajiambia ni karibu na tano, inatosha, nikafunua ukurasa. Mama Komba alikuwa safarini, na mimi wakati huo nilikuwa na uzoefu wa kutosha kutomngoja.

Friji lilikaa karakana siku mbili likipoa vizuri kabisa. Laurenti alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka nalo.

Wiki ya tatu barua ikafika ofisini. Chanjo za zahanati ile zilikuwa zimeharibika kwa joto. Vile vibandiko vya chupa vinavyobadilika rangi vilikuwa vimegeuka vyote. Kliniki mbili mfululizo akina mama walikuwa wamefika na watoto mgongoni wakarudishwa. Ofisi ya afya Kibondo iliuliza karakana, na karakana, yaani mimi, ikajibu kwamba friji lilijaribiwa siku mbili na ni zima. Ilikuwa kweli. Kwa hiyo wakahitimisha kwamba kosa ni la mtumiaji: mlango ulikuwa ukiachwa wazi. Laurenti akaondolewa kwenye chanjo na kuandikiwa barua ya kujieleza. Friji likabaki pale, limezimwa.

Nilitumwa kwenda kulikagua kwa ajili ya kukamilisha faili. Nilimkuta Laurenti chumba cha kufungia vidonda. Hakulalamika. Alikwenda kuleta daftari.

"Niliwaandikia wakubwa haya," akasema, "lakini naona hawakusoma hadi huku. Friji linakohoa."

"Linakohoa vipi, kaka?"

"Linasema tik, linataka kuanza, halafu kimya. Dakika tatu. Tik, halafu kimya. Asubuhi linakohoa mpaka mchana. Jioni mashine ya kusaga ikifungwa, linaanza vizuri."

Alikuwa ameandika saa zote. Siku kumi na saba, mistari iliyonyooka. Mashine ya kusaga unga ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye waya huo huo wa umeme.

Nililiwasha friji, nikaweka mita yangu kwenye volti tano, nikabonyeza kile kitufe kinachoshika kipimo cha chini kabisa, maana mtikisiko wa sehemu ya sekunde jicho haliuoni. Ng'ambo walikuwa wakisaga muhogo. Tik. Kompresa ikashtuka, ikanyamaza. Mita ilikuwa imeshika nne nukta tano tano.

Nilikaa kwenye sakafu ya saruji. Nilielewa yote kwa wakati mmoja, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa. Mashine ya kusaga ilikuwa ikiushusha umeme wa mtaa mzima. Kompresa ikianza inaushusha zaidi kwa kitambo kidogo. Volti tano zinafika nne na nusu na kitu, ambazo ile chipu kubwa ingezivumilia bila shida. Lakini mlinzi niliyemweka mimi alikuwa amefundishwa kupiga kelele kwenye nne nukta sita tatu. Anasema simama, friji linaanza upya, linangoja dakika tatu za kupumzisha kompresa, linawasha, umeme unashuka, anasema simama. Siku nzima. Karakana yetu haikuwa na mashine ya kusaga jirani, ndiyo maana lilipona kwangu.

Nilitoa karatasi ya vipimo kwenye mkoba na safari hii niliisoma mstari kwa mstari. Aina yenye herufi ile nyingine, kawaida nne nukta tatu nane, juu kabisa nne nukta tano sifuri. Aliyelitengeneza friji alijua litapelekwa mahali kama huku, akachagua hiyo. Nilikuwa nazo mbili kwenye kibati. Nilibadilisha pale pale, mezani kwa muuguzi. Mashine ya kusaga ikiunguruma, kompresa ikaanza na haikusimama.

Laurenti alikuwa ameitwa kwa mgonjwa. Aliporudi akaweka kiganja kwenye mlango wa friji, akatabasamu. "Ulikuwa ni nini?"

Nikamwambia, "Kifaa kidogo kilikuwa kinasumbua." Nikapanga vyombo vyangu, nikaondoka.

Hapo ndipo lilipo kosa langu hasa. La kwanza lilikuwa la kutosoma. Hili nililifanya nikiwa nimesoma kila kitu. Kwenye ripoti niliandika: hitilafu imerekebishwa. Maneno mawili tu, hayana uongo hata kidogo. Nilijiambia friji limepona, chanjo zitaletwa nyingine, wakubwa wenyewe wataona kwamba yule mzee hakuwa na kosa. Nilikaa hivyo siku kumi na moja. Mama Komba alikuwa amerudi. Mara mbili alinitazama juu ya miwani yake na kuniuliza kama naumwa.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda Kibondo kupeleka mashine ya kupimia presha. Kwenye benchi nje ya ofisi ya afya nilimkuta Laurenti. Alikuwa amevaa koti la suti katikati ya joto, ameshika bahasha kwa mikono miwili. Alikuwa ameitwa kujieleza mbele ya kamati.

Akasimama aliponiona. "Fundi Adela! Friji linakwenda vizuri mno. Nimewaambia wenzangu pale, huyu dada ana mikono ya baraka."

"Kaka Laurenti, unaingia kusema nini humo ndani?"

"Nitasema nini? Nitasema huenda niliacha mlango wazi. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki, lakini wanasema mashine ilikuwa nzima." Akashusha sauti. "Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nikikubali, wanaweza kunihurumia."

Nilimwambia akae, asiingie kwanza. Nikapiga hodi mwenyewe. Walikuwa watatu mezani, na mmoja akaniambia zamu yangu haijafika. Nikawaambia mimi ndiye zamu. Nilisimama, nikaeleza kuhusu radi, kuhusu chipu, kuhusu herufi moja. Sidhani walielewa volti. Walielewa niliposema, "Friji lilitoka mikononi mwangu likiwa na kosa. Huyu mzee aliandika ugonjwa wake siku kumi na saba, daftari liko kwake hapo nje. Mimi nimeujua siku kumi na mbili na sikusema."

Mkubwa wao akauliza, "Na kwa nini hukusema?"

"Niliogopa," nikajibu.

Niliporudi Kasulu Mama Komba alinipa karatasi niandike maelezo yote, akayasoma na rula yake chini ya kila mstari, akanirudishia mara mbili kwa sababu nilikuwa nimeandika "ilibainika". "Nani alibaini? Nani alikosea? Weka jina." Niliweka jina. Nilipewa onyo la maandishi, ambalo bado lipo kwenye faili langu kwa yeyote anayetaka kuliona, na karakana ikaacha kabisa kujaribu mashine kwenye umeme mzuri peke yake. Ile transfoma mbovu kwenye kona, mnayoiona kila siku na kuniuliza kwa nini haitupwi, ndiyo tunayoshushia umeme. Msiitupe. Laurenti alifutiwa barua na kurudishwa kwenye chanjo.

Lakini alinipigia simu baada ya hapo, akaniomba nakala ya maelezo yangu yenye muhuri. Nilidhani ni kwa ajili ya kumbukumbu zake za kazi. Akasema hapana, anaihitaji nyumbani. Nikaipeleka mwenyewe.

Alikaa mwendo mfupi kutoka zahanati. Mke wake, Mama Spesioza, alikuwa akimenya muhogo uani. Alinisalimu bila kuinuka, akaniashiria kigoda. Laurenti akanieleza taratibu kwamba miezi ile mkewe alikuwa ameacha kwenda gulioni na kanisani alikaa benchi la nyuma, kwa sababu wanawake waliorudishwa na watoto wao walikuwa wakimnyooshea vidole: mume wa yule ndiye aliyeozesha dawa za watoto. Yeye Kiswahili cha maandishi hakimpandi. Kwa hiyo Laurenti alivaa miwani, akaifungua nakala, akaanza kumsomea huku akiigeuza Kiha.

Nilisikiliza maneno yangu yakitoka kwa lugha ya nyumbani kwetu. Volti hakuwa na neno lake, akatumia inguvu. Chipu akaiita kidude cha ulinzi. Mama Spesioza aliendelea kumenya. Katikati ya ukurasa wa pili akasimamisha kisu.

"Ngoja. Hicho kidude kilikuwa kinaogopa mapema mno?"

"Ego," akakubali Laurenti. "Inguvu zikipungua kidogo tu, kinasimamisha friji."

"Na wewe mlango ulifunga?"

"Nilifunga."

Mama yule akaniangalia mimi, kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Kidude hicho alikiweka nani?"

Laurenti alikuwa bado hajafika mstari ule. Alifungua mdomo, nikadhani atasema mafundi, au ofisi.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilikiweka mimi."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sikuinamisha macho, ingawa nilitaka sana. Hatimaye aliweka kisu juu ya maganda, akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani. Nikaanza kukusanya mkoba wangu. Laurenti alikuwa anakunja miwani yake.

Mama Spesioza akatoka na birika na beseni. Akapiga goti mbele yangu, akamimina maji, akangoja ninyooshe mikono.

"Nawa," akasema. "Halafu msome yote mpaka mwisho. Jumapili kanisani nataka niyaseme mwenyewe."